Kaliba na Darubini kwa Mwindaji wa Rweya

Mtu wa Bukoba au Muleba akipanga kununua bunduki nyepesi ya kuwindia, swali lake la kwanza huwa ni kaliba: ipi yenye nguvu? Mimi naliweka swali hilo la tatu. La kwanza ni utawinda wapi na mnyama gani. La pili ni bega lako linavumilia nini. Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, kaliba inabaki na nafasi ndogo sana ya kukusumbua, na darubini hufuata.

Tuanze na wapi, maana hapo ndipo wengi wanaishi na habari za zamani. Wazee wa Ihangiro bado wanaitaja Burigi kama pori la akiba. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, na katika hifadhi ya taifa hakuna anayewinda, awe na leseni au asiwe nayo. Mwaka huohuo Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe nazo zilipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Msitu wa Minziro kule Missenyi ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja dukani, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize ni maeneo gani yako wazi kwa mwindaji mwenyeji na ni wanyama gani wanaotolewa leseni. Jibu lake ndilo litakalokwambia kama unanunua bunduki ya swala pala na ngiri, au unanunua chombo kitakachokaa kabatini.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haikupi ruhusa ya kuwinda usiku kwa tochi wala kupiga ukiwa ndani ya gari. Nalisema hili kwa sababu wengi wanaonieleza haja ya bunduki nyepesi wana nguruwe pori akilini, yule anayefukua mihogo na kuangusha mahindi. Nguruwe pori hutoka usiku, na usiku ule shamba lako limezungukwa na nyumba za jirani zilizofichwa na migomba. Mnyama mharibifu ana utaratibu wake: toa taarifa kijijini na kwa afisa wanyamapori, waje watu wenye mamlaka ya kumshughulikia. Risasi ya bunduki ya kuwindia, hata ya kaliba ndogo kama .243, ikipigwa juu kidogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Majani ya mgomba hayaizuii.

Hapo ndipo umbo la nchi yetu linapoingia kwenye hesabu. Vijiji vya Bukoba na Muleba vimekaa juu ya matuta yanayofuata ufukwe wa ziwa, kila nyumba ndani ya kibanja chake, na kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, uwanda wa nyasi ambao siku hizi umejaa mikaratusi. Mabondeni kuna mafunjo. Mwindaji anayesimama bondeni na kumwona pongo kwenye ukingo wa tuta, nyuma yake mbingu tupu, asipige kabisa. Hajui upande wa pili kuna nini, na mara nyingi upande wa pili kuna watu. Piga tu pale ambapo nyuma ya mnyama kuna udongo wa kuipokea risasi. Kanuni hii peke yake inafuta karibu mapigo yote ya mbali ambayo watu hununulia kaliba kubwa na darubini ndefu. Kinachobaki ni mapigo ya mita 40, 80, pengine 150 mahali nyasi zilipoungua. Hata upande wa magharibi kunakokauka, penye miti ya migunga na swala pala, ni nadra mwindaji mwangalifu kulazimika kupiga zaidi ya mita 200.

Sasa bega. Bunduki nyepesi ina raha yake: kupanda kutoka bondeni hadi kwenye uwanda wa Kamachumu ukiwa na kilo 3 mkononi ni tofauti kabisa na kupanda na kilo 4 na nusu. Lakini uzito ndio unaomeza teke. Chukua risasi ileile, ipige kwenye bunduki ya kilo 4, kisha kwenye ya kilo 3: teke la ile nyepesi lina nguvu zaidi kwa theluthi moja. Ongeza na kaliba. Katika bunduki mbili za uzito sawa, .30-06 hulipiga bega kwa nguvu inayozidi mara mbili ya .243. Mtu anayeichagua .30-06 ya kilo 2 na nusu kwa sababu muuzaji amemwambia inaangusha kila kitu, anajinunulia ugonjwa unaowaharibu wawindaji wengi: kushtuka kabla bunduki haijalia. Jicho linafumba, kidole kinakwanyua badala ya kubana, na mtutu unashuka sentimita chache ambazo kwa mnyama ni tumbo badala ya moyo.

Mwindaji mmoja mashuhuri aliyewahi kukanyaga Bukoba aliliandika jambo hili kwa uchungu. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la Selous, alifika hapa Juni 1915 akiwa na umri wa miaka 63, pamoja na kikosi cha Waingereza waliovuka ziwa kutoka Kisumu kuja kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Aliuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917. Katika ujana wake, miaka ya 1870 huko kusini, aliwinda tembo kwa magobore mazito yaliyorusha gololi ya karibu gramu 113. Baadaye alikiri kwamba mateke ya bunduki zile yaliviharibu vishipa vyake vya fahamu kiasi kwamba shabaha yake haikurudi kuwa ile ya awali, na akajuta kuwahi kuzishika. Ikiwa mtu aliyeishi kwa bunduki maisha yake yote aliumizwa hivyo, mwalimu wa Nshamba anayepiga risasi chache kwa mwaka hana sababu ya kujidanganya.

Upande wa pili wa hadithi hiyo yuko Mskoti W. D. M. Bell, ambaye watu walimpa jina la Karamojo kwa sababu ya miaka yake Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Bell aliua zaidi ya tembo elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275 Rigby, ambayo kwa kweli ni 7×57 ya Mauser yenye jina la Kiingereza. Aliwapasua mafuvu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Wala simtaji ili aigwe: leo kanuni zinataka kaliba ya .375 au zaidi kwa wanyama hatari kama nyati, na ni sawa zitake hivyo, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa huwangoja wanaomfuata. Ninachokichukua kwa Bell ni kwamba risasi ndogo iliyofika mahali pake inamaliza kazi, na kubwa iliyokosea inaacha mnyama akitambaa kwenye mafunjo hadi usiku.

Kwa hiyo kaliba gani? Kwa swala pala, tohe, pongo na ngiri, nikiulizwa na mtu mwenye bega la kawaida, ninataja 7×57 kwanza. Ni ya mwaka 1892, na umri wake haujaipunguzia kitu. Inarusha risasi ya gramu 9 kwa teke ambalo hata bunduki ya kilo 3 inalibeba bila kumtesa mwenyewe, na bunduki za Mauser na Brno za kaliba hii hukutwa zikiuzwa na watu wanaobadilisha leseni. Ndugu yake wa karibu ni 7mm-08 ya mwaka 1980: nguvu karibu sawa, ganda fupi, inafaa bunduki mpya nyepesi. Shida yake ni risasi kupatikana. Kwa mtu mwembamba, au anayeanza, .243 ya mwaka 1955 ni chaguo la heshima, mradi atumie risasi nzito za greni 100, yaani karibu gramu 6.5, awaache wanyama wakubwa kuliko pongo na swala, na asipige mnyama aliyekaa vibaya. Kuna .270 ya mwaka 1925, ambayo inanyoosha mstari wa risasi vizuri kwenye uwanda. Teke lake linaanza kusikika kwenye bunduki nyepesi, lakini bado linavumilika. .308 na .30-06 ninazipendekeza kwa mtu atakayekubali bunduki ya kilo 3 na nusu au zaidi, pamoja na darubini yake. Chini ya hapo, hapana.

Kuna hoja moja inayozishinda zote hizi, nayo ni dukani. Kabla hujajaza fomu, uliza maduka yenye leseni, Mwanza au Dar es Salaam, ni risasi za kaliba gani wanazo leo na ni zipi walizokuwa nazo mwaka jana. Leseni yako chini ya Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015 inataja bunduki na kaliba yake. Ukishagundua kwamba risasi zake haziji nchini, kubadilisha ni kuanza upya safari ya kijiji, kata, wilaya na polisi. Kaliba nzuri isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali. Na idadi ya risasi unazoruhusiwa ina kikomo, kwa hiyo chagua kaliba ambayo hutaona uchungu kutumia sehemu ya risasi hizo kwenye mazoezi.

Ukizinunua, soma boksi. Kwa wanyama tuliowataja unahitaji risasi yenye ncha laini inayopanuka ikiingia mwilini. Risasi za kijeshi zilizofunikwa shaba yote hupita kama msumari, mnyama akakimbia akiwa na tundu dogo, akafia mbali bila kupatikana. Na usimwamini anayekwambia kwamba kaliba fulani inapenya vichaka. Hakuna risasi ya kuwindia isiyopotoshwa na kijiti. Kama kuna matawi kati yako na mnyama, subiri asogee.

Sasa darubini, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji atakuonyesha darubini kubwa inayokuza mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele milimita 50, akikuelekeza mlimani uone ng'ombe wa watu akicheua. Inavutia sana. Ukiifunga kwenye bunduki nyepesi umeirudishia karibu kilo nzima uliyoilipia kuiondoa, tena juu, mahali inapoifanya bunduki iyumbe. Lenzi ile pana hulazimisha pete ndefu, darubini ikakaa juu, na shavu lako likaacha kitako likining'inia hewani. Kisha pongo anatokea mita 35 mbele yako kwenye rweya, unaweka jicho, na kwa ukuzaji wa mara 6 unaona nywele za kahawia zilizojaa duara lote. Bega au paja? Hujui. Naye ameshaondoka.

Kwa nchi yetu ukuzaji wa mara 4 usiobadilika, lenzi ya milimita 32, unatosha, na bado naona ndiyo darubini bora kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Haina gurudumu la kuharibika, ni nyepesi, ni fupi. Mwenye uwezo zaidi achukue ya mara 2 hadi 7 yenye lenzi ya milimita 33, aitembeze ikiwa kwenye 2 au 3, aipandishe tu mnyama akiwa mbali na ametulia. Ile ya kawaida ya mara 3 hadi 9 yenye milimita 40 inafaa pia, na ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Iache kwenye 3.

Kuhusu mwanga, kuna hesabu ndogo inayoondoa maneno mengi ya matangazo. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Milimita 32 kwa mara 4 ni 8. Huo ndio upana wa mwale unaofika jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa miaka hamsini na kuendelea mara nyingi haizidi 5. Darubini ndogo ya mara 4 kwa hiyo tayari inakupa mwanga zaidi ya unaoweza kuupokea, na lenzi ya milimita 50 kwenye ukuzaji huohuo inamwaga ziada isiyo na pa kwenda. Kinachokusaidia kweli alfajiri, ukungu wa ziwa ukiwa bado mabondeni, ni ubora wa vioo na msalaba wenye nyuzi nene pembeni, nyembamba katikati. Msalaba wa nyuzi nyembamba tupu hupotea kabisa kwenye manyoya meusi ya ngiri.

Kipimo kingine ambacho wengi hawakiulizi ni nafasi kati ya jicho na darubini. Kwenye bunduki nyepesi isipungue sentimita 9. Ikipungua, ukingo wa chuma utakuchana juu ya nyusi siku utakapopiga ukiwa umelala au ukielekea mlimani, na baada ya hapo ile hofu niliyoieleza itakuwa imepata sababu. Epuka pia darubini za bei rahisi zilizotengenezwa kwa bunduki za .22. Zinaonekana sawa kabisa mezani, lakini teke la kaliba kubwa huutikisa msalaba wake hadi ukahama, nawe utailaumu bunduki.

Nusu ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya bunduki yamo kwenye skrubu. Ukifunga darubini, ondoa kwanza mafuta yote kwenye skrubu za kitako cha darubini na kwenye matundu yake kwa spiriti, weka tone la gundi ya skrubu kwenye zile za chini, kisha kaza bila papara ukizunguka moja baada ya nyingine. Zile za pete usizikaze bado. Vaa koti utakalowindia, simama, fumba macho, ipandishe bunduki begani kama unavyoipandisha porini, shavu likae linapotaka kukaa, ndipo ufumbue. Ukiona duara lote limejaa mwanga, darubini iko mahali pake. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze mbele au nyuma kidogo, urudie. Mwenzako naye asimame nyuma yako aangalie kama uzi wa wima umesimama wima kweli. Sasa kaza pete, kwa zamu, upande huu na upande ule, mapengo ya pande zote mbili yabaki sawa. Haya hufanyika bunduki ikiwa tupu, bolti imetolewa, na mtu wa pili ameithibitisha kwa macho yake.

Kulenga shabaha kufanyike mahali panaporuhusiwa, polisi wakiwa na habari. Anza mita 25, juu ya mfuko wa mchanga. Risasi ikigonga pale unapolenga kwa umbali huo, kwa kaliba nilizozitaja utakuwa tayari kwenye karatasi ukirudi mita 100. Hapo piga risasi tatu, uache mtutu upoe, upime katikati ya matundu matatu. Usirekebishe kwa kufuata tundu moja. Darubini nyingi hupima kila mlio wa kifundo kama robo inchi kwa yadi 100, ambayo ni karibu milimita 7 kwa mita 100. Nyingine hupima sentimita 1. Imeandikwa chini ya kifuniko. Kwa 7×57 au .243 weka risasi igonge sentimita 3 hadi 4 juu ya pale unapolenga kwa mita 100. Ukifanya hivyo, kutoka pua ya mtutu hadi mita 170 hivi unalenga katikati ya kifua bila hesabu yoyote, na kwa sababu zile za udongo nyuma ya mnyama sikushauri uende mbali zaidi. Ukimaliza meza, inuka. Piga ukiwa umekaa, ukiwa umepiga goti, ukiegemea mkaratusi, kwa sababu porini hakuna meza.

Kuna adui mmoja ambaye vitabu vya ng'ambo havimpi nafasi yake: unyevu. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata siku za kiangazi hewa ya ziwa haikauki. Darubini isiyozibwa na kujazwa naitrojeni itaingiwa na ukungu ndani msimu wa kwanza, kisha kuvu itatandaza nyuzi zake juu ya vioo, na zikishaota hakuna fundi wa hapa atakayezitoa. Dukani ijaribu hivi: omba uipoze kwenye friji kwa nusu saa, itoe, uangalie ndani. Umande wa nje si kitu. Ukiona ukungu kwa ndani, rudisha.

Nyumbani, usiiache bunduki kwenye mkoba wa turubai au wa ngozi. Mkoba hunywa maji hewani na kuyalaza juu ya chuma. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ilaze kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa na kufuli yao mahali pengine, na tia vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya na vifaa vya umeme. Vikishiba unyevu vianike juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, virudi kazini. Vioo vya darubini vifute kwa brashi laini kwanza, kitambaa baadaye, kwa sababu vumbi jekundu la barabara ya Biharamulo hukwaruza kama msasa. Bunduki iliyorudi kutoka kwenye mvua ifunguliwe siku hiyohiyo, na skrubu za darubini zikaguliwe kwa bisibisi ya saizi yake kabla ya kila msimu.